Mwaka wa Tano wa Arlen

Niliikuta karatasi ile Jumamosi asubuhi, nimepiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya vifaa, kati ya mipira iliyoisha upepo na masanduku ya makaratasi ambayo hakuna aliyeyagusa kwa miaka. Sikuwa natafuta balaa. Nilikuwa natafuta zawadi.

Arlen Dueck, nahodha wa timu ya wanaume ya voliboli ya Chuo Kikuu cha Stony Ford, alikuwa amebakiza pointi kumi na moja avunje rekodi ya chuo. Mimi, Orysia Woychuk, ndiye niliyekaa mezani kila mchezo nikiandika takwimu, kila mpira alioupiga na kila alioukosa. Wasichana wengine huwafumia wapenzi wao soksi. Mimi nilitaka kumpa wangu orodha ya kila pointi aliyopata tangu siku ya kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Katika sanduku la mwisho palikuwa na mchezo mmoja wa ugenini, Januari ya miaka minne iliyopita. Kompyuta ya wenyeji ilizimika siku ile, mtu akaandika kwa penseli. Seti ya tatu. Jezi namba 14, A. Dueck, ameingia. Sevu moja, wavuni. Ametoka.

Arlen huvaa namba 9. Labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kuutia mstari ule kwenye kompyuta yetu. Niliusoma mara tatu, nikahisi baridi ya sakafu ikinipanda mapajani.

Kwenye ligi yetu mchezaji wa chuo ana miaka mitano, basi. Ukikaa benchi msimu mzima hujakanyaga uwanja, mwaka huo hauhesabiwi. Ukikanyaga, hata kwa sevu moja ya kuonja, mpira mmoja tu wa kuanzisha, mwaka umeliwa wote. Na kila mtu pale chuoni alijua kwamba Arlen hakucheza kabisa mwaka wake wa kwanza kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kila mtu alijua kwamba alikuwa na msimu mmoja mbele yake.

Msimu ule ndio niliokuwa nimeujengea maisha yangu. Baba yake Arlen alipopata kiharusi, miaka miwili iliyopita, Arlen alitaka kuacha chuo. Mzee Dueck alimshika kwa mkono uliobaki na nguvu akamwambia: cheza miaka yako mitano uimalize, kisha urudi kwenye ng'ombe, nitakusubiri. Arlen akaahidi. Aliniambia hayo wiki ileile tuliyobusiana mara ya kwanza, kama mtu anayekuonyesha mlango wa dharura kabla hujakaa.

Basi tukawa tunahesabu. Msimu huu na mwingine mmoja. Shahada yake ilikuwa imekamilika Krismasi. Muhula huu alijiandikisha masomo matatu ili tu aruhusiwe kucheza, na mwakani angeanza shahada ya pili kwa sababu hiyohiyo. Mwakani na mimi ningemaliza. Mwakani pengine Mzee angekubali kuuza shamba. Mwakani kilikuwa chumba kikubwa. Kila tulichoshindwa kukipanga tulikitupa humo tukafunga mlango.

Sasa karatasi ilikuwa inaniambia hakuna mwakani. Timu yetu ilikuwa imeshakosa hatua ya mtoano. Mchezo wa mwisho wa Arlen ulikuwa leo, saa nane mchana, na sikuona mtu mwingine aliyejua isipokuwa mimi.

"Shemeji! Umehamia stoo?"

Gurveer, mchezaji wetu wa kuwapandishia wapigaji mipira, alikuwa amechungulia mlangoni huku akitafuna ndizi.

"Natafuta kitu."

"Nahodha anazunguka na vikombe viwili vya kahawa kama mhudumu wa harusi. Usipokuja nakunywa chako, na mimi nikinywa kahawa kabla ya mchezo nakuwa mtu hatari."

"Hatari kwa nani?"

"Kwa timu yangu." Akacheka peke yake, kisha akanitazama vizuri. "Shemeji? Uko sawa?"

"Mwambie aje huku."

Arlen aliingia akiinamisha kichwa, kama anavyoinamia milango yote. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka kwenye nyusi zake nyeupe. Hata asubuhi ile, na karatasi ile mkononi, moyo wangu ulifanya upumbavu wake wa kila siku: uliruka, ukajigonga, ukatulia.

"Umelia," akasema.

"Ni vumbi."

"Rysia, mtu mwenye vumbi machoni hashiki karatasi kwa mikono miwili."

Nikampa. Nilimtazama usoni, maana nilitaka kuwa wa kwanza kumshika akishtuka. Lakini hakushtuka. Hakusoma kuanzia juu kama mtu anayesoma jambo geni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari ule, yakakaa hapo.

"Ulijua," nikasema.

Aliweka vikombe vya kahawa juu ya sanduku, taratibu, kimoja kisha cha pili.

"Wachezaji saba waliumwa mafua siku ile. Kocha wa zamani akanivalisha jezi ya mtu mwingine ili tutimie. Seti ya tatu akaniambia, ingia upige moja, uonje. Nikapiga wavuni." Akatabasamu vibaya. "Mtu hasahau sevu yake ya kwanza."

"Na sheria je?"

"Sikuijua. Nimekuja kuijua mwaka wa tatu. Na mwaka wa tatu nilikuwa nimeshakuona wewe."

Siku nyingine yoyote maneno yale yangenifanya nimrukie shingoni. Nilibaki sakafuni.

"Irudishe kwenye sanduku," akasema, akinirudishia karatasi.

"Arlen."

"Irudishe tu. Imekaa humo miaka minne haijamdhuru mtu."

"Haijamdhuru mtu kwa sababu ulikuwa na haki ya kucheza. Mwakani hutakuwa nayo. Ikijulikana, kila mchezo mtakaoshinda utafutwa. Gurveer mwakani ni mwaka wake wa mwisho. Utamwambia nini Gurveer?"

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ni wangu."

"Kalamu si yako." Nikasimama, ili angalau nimfikie kifuani. "Miaka miwili sijakuandikia pointi ambayo hukuipata. Hata siku ile uliyocheza na homa, nikakuonea huruma. Unataka nianze leo?"

"Nataka mwaka mmoja." Sauti yake ilishuka. "Mwaka mmoja tu, Rysia. Ukiipeleka hiyo kwa Kocha, mimi leo jioni niko njiani kwenda nyumbani. Ng'ombe wameanza kuzaa. Mama anaamka usiku mara tatu kwenda zizini. Mzee ameweka kalenda jikoni, anakata siku kwa mkono wa kushoto. Siwezi kusimama mbele ya kalenda ile nikamdanganya kwamba nina mwaka, huku kila mtu anajua sina."

"Ila tukijua sisi wawili tu, unaweza."

Akakaa juu ya sanduku jingine, magoti yakamfika karibu na kidevu, akaninyooshea mkono. Nikaushika. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta kwa ajili ya mchezo. Nikawa namngojea. Yapo maneno mengine aliyoweza kuyasema pale, manne tu, na nilikuwa nimeyangoja tangu vuli ya mwaka juzi. Nilimwachia nafasi ya kuyasema. Nilisikia mipira ikidunda ukumbini, mtu akipiga mluzi, bomba la joto likigonga ukutani.

"Umeniomba nidanganye," nikasema mwishowe. "Umeniomba upesi, bila aibu. Lakini miaka miwili hujaniomba hata mara moja niende nawe."

Akauachia mkono wangu kama umemchoma.

"Hilo siwezi kukuomba."

"Kwa sababu ya mama yako?"

Alinitazama kwa macho yale ya kijivu ambayo nilikuwa najua kuyasoma kutoka upande wa pili wa uwanja, na kwa mara ya kwanza hayakuniambia kitu.

"Ndiyo," akasema, akainamia mlango, akatoka.

Mama yake nilikuwa nimekutana naye mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba, kwenye sikukuu ya mavuno, jikoni kwake, yeye akiosha vyombo na mimi nikifuta. Nje ya dirisha kulikuwa na shamba la kanola, zao la mbegu za mafuta, lililovunwa, tambarare mpaka mwisho wa macho. Aliniambia bila kugeuka: "Wewe si msichana wa huku, Orysia. Usijidanganye, na usimdanganye mwanangu." Nikafuta sahani ileile mara mbili. Wao ni Wamennonite, Waprotestanti wa kanisa lisilo na hata mshumaa, sisi kwetu ni Wakatoliki wa Kiukraini, nilidhani nimeelewa. Nilirudi mjini nikiwa nimemchukia kwa utulivu, chuki safi isiyopiga kelele.

Kocha Pelletier aliisoma karatasi akiwa amesimama ofisini kwake. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Nani mwingine ameiona?"

"Arlen."

"Akasemaje?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sawa. Hilo sijauliza." Akaketi. "Binti, unajua umeniletea nini hapa? Mwakani nilikuwa najenga timu nzima juu ya mabega ya yule kijana."

"Na mimi pia, Kocha."

Akaninyanyulia macho. Ni mtu mkali, sauti yake huvunja madirisha, lakini asubuhi ile alinisogezea boksi la tishu bila neno akanipa muda wa kupenga.

"Ungeweza kuichana," akasema.

"Najua."

"Mimi mwenyewe sijui ningefanyaje." Akavuta simu. "Basi, limebaki jambo moja la kumfanyia. Hawezi kuondoka kama mtu aliyekwenda chooni akapotea. Nampigia mama yake. Ni saa nne za asubuhi. Barabara ikimruhusu atawahi seti ya pili."

Sisi ndivyo tunavyowaaga wa mwaka wa tano. Mchezo wa mwisho wa nyumbani ukiisha, kila mmoja husimama katikati ya uwanja na wazazi wake, hupewa maua na jezi yake iliyowekwa kwenye fremu, na ukumbi wote husimama. Siku ile walitakiwa kuwa wawili. Kocha alimtuma msaidizi wake mjini kununua maua ya mtu wa tatu.

Kuhusu mchezo wenyewe nina takwimu zote, na sina kumbukumbu. Najua kwamba Kocha aliwaambia wachezaji chumbani kabla hawajatoka, kwa sababu walitoka kimya, na Gurveer alikuwa na macho mekundu. Najua kwamba kuanzia sevu ya kwanza alimpandishia Arlen karibu kila mpira, mpaka wapinzani wakawa wanacheka na kumzuia watatu watatu. Kocha alimwacha. Katikati ya seti ya pili mlango wa juu ulifunguka, akaingia mwanamke mrefu mwenye koti la zizini na viatu vya theluji, akasimama kwenye ngazi akishika chuma kama aliyeko kwenye meli. Arlen alimwona. Mpira uliofuata aliupiga nje.

Tulishindwa seti tatu kwa moja. Alimaliza akipungukiwa na pointi mbili kufikia rekodi. Niliandika hivyo.

Walipotangaza jina lake, mama yake alishuka ngazi na viatu vyake vya theluji, akaingia uwanjani, akachukua maua kwa namna watu wanavyopokea kuni. Arlen alimwinamia akampangusa machozi kwa plasta ya vidole. Ukumbi ulisimama. Mimi nilikaa. Mtu wa mezani hasimami mpaka karatasi ziwe zimetiwa saini, na nilishukuru sana kuwa na sheria hiyo.

Watu walipopungua, mama yake alikuja mezani kwangu. Nilijua ni yeye kabla sijainua kichwa; alinuka maziwa na baridi.

"Ni wewe uliyeitoa ile karatasi?"

"Ni mimi, Mama Dueck."

"Ningekuwa mimi ningeichoma."

Nikadhani sijasikia vizuri. Aliweka maua juu ya meza, kando ya kompyuta yangu, akavuta kiti cha mwamuzi akakaa bila kukaribishwa.

"Ningeichoma jikoni, nikakaa kimya, akapata mwaka wake. Unashangaa nini? Unafikiri nilitaka arudi leo?" Alikuwa anatazama wavu ukishushwa. "Kocha wenu aliponipigia, Mzee aliuliza ni nani. Nikakaa dakika tano na simu mkononi kabla sijamjibu."

"Nilifikiri unamtaka nyumbani."

"Namtaka hai." Kisha, kwa ghafla: "Amekuomba uende naye?"

"Hapana."

"Vizuri."

Damu ikanipanda. Siku nzima nilikuwa nimekaa wima kama msumari, na sasa nilitaka kumgonga mtu.

"Vizuri kwa nini, Mama Dueck? Kwa sababu nakwenda kanisa lenye mishumaa mingi?"

Akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe.

"Kanisa? Mtoto wewe. Hata kanisani kwangu mwenyewe nalala." Akavua glavu moja. Mkono wake ulikuwa umepasuka kwenye viungo vyote. "Nilizaliwa mjini, Winnipeg. Nilipiga fidla kwenye okestra, nikilipwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba yake aliniomba jioni moja tu, kwenye kituo cha mafuta, na mimi nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa mwanaume mzuri. Bado ni mzuri. Lakini dirisha lile la jikoni nimelitazama miaka thelathini na moja, Orysia, na mpaka leo hakuna kilichopita."

Nikaifunga kompyuta.

"Arlen alikuwa na miaka kumi aliponikuta zizini nalia, si kwa msiba wowote, ni Jumanne tu. Nikamwapisha palepale. Nikamwambia, usije ukamwomba msichana yeyote aje kuishi huku. Usimwombe kamwe. Msichana akiombwa na anayempenda husema ndiyo, hata kama moyo wake unasema vingine. Akitaka kuja, aje kwa mdomo wake mwenyewe." Akavaa glavu. "Ameniudhi kwa mambo mengi, lakini hilo amelishika."

Akainuka, akachukua maua. Alipofika hatua mbili akageuka.

"Sikukuchukia Oktoba. Nilikuwa nakuambia ukweli. Mimi hakuna aliyeniambia."

Saa kumi na nusu nilitoka nje, kwenye maegesho ya magari, bila kofia. Anga lilikuwa limeshuka rangi ya risasi na theluji nyembamba ilikuwa inapita juu ya lami, chini chini, kama moshi. Redio ilikuwa imesema barabara ya magharibi itafungwa giza likiingia. Pikapu ya kina Dueck ilikuwa inanguruma, mama ameshika usukani akitazama mbele. Gurveer alikuwa nyuma akifunga mikoba miwili kwa kamba.

"Vingine nitakuletea mwenyewe, nahodha," alikuwa anasema. "Na mama yako asinipikie chochote chenye macho."

"Atakupa ndama umnyonyeshe."

"Basi sikuletei."

Wakakumbatiana, wakapigana mgongoni kwa nguvu mno. Gurveer alinipita bila kunitazama, akanigusa bega tu.

Arlen alikuja akasimama mbele yangu. Nywele zake zilikuwa na maji ya bafuni na zilikuwa zimeanza kuganda. Nikataka kuzivunja kwa vidole kama nilivyofanya majira yote mawili ya baridi yaliyopita. Nikauweka mkono mfukoni.

"Mama amezungumza nawe," akasema.

"Amezungumza."

"Amekwambia yote?"

"Amenieleza kiapo chako."

Akaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na jambo jipya usoni mwake ambalo sikuliona asubuhi stoo: alikuwa amefarijika. Hakuwa tena na la kunificha. Siku nzima nilikuwa nimemshika kosa moja, kwamba hakuniomba, na sasa kosa lile halikuwa lake. Alikuwa amesimama hapo, mikono wazi, hana haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na haki yote ya kusema. Maneno ni manne. Arlen, nakuja na wewe. Nisingehitaji hata kwenda leo. Ningesema tu, na angekaa mwaka mzima akiyatafuna maneno hayo zizini kama mkate.

Niliyaleta mpaka kwenye meno.

Nikaona dirisha. Nikaona mkono uliopasuka. Nikajiona Jumanne fulani, nikiandika takwimu za nani? Nikatafuta moyoni mwangu ile ndiyo ambayo siku zote niliamini ipo, ile niliyomlaumu asubuhi kwa kutoiuliza, na sikuikuta. Sikukuta hapana pia. Nilikuta msichana wa miaka ishirini na mbili anayetetemeka kwa baridi na asiyejua.

Alingoja. Alinitazama kama anavyotazama mpira ulioko juu bado, shingo imekaza, bila kupumua. Alinipa nafasi ndefu kuliko ile niliyompa mimi. Mama yake hakupiga honi.

"Rysia," akasema, "una neno la kuniambia?"

"Endesheni polepole," nikasema.

Alibaki amesimama kidogo, zaidi ya muda anaohitaji mtu kusikia maneno mawili. Kisha akainama, akanibusu kwenye paji la uso, akaingia garini, akafunga mlango.